Droo Niliyoifunga kwa Mtandio

Maneno yenyewe yalikuwa machache, yangeenea kwenye kiganja: rangi ya jiko la binti yako iko pia kwenye jiko la mwanamke mwingine. Nilijaribu kuyatupa. Nilifua, nilideki, nikafuma mistari saba ya mtandio na kuifumua yote saba. Maneno yalikuwa bado yamekaa palepale kichwani, kama mgeni asiyejua kuaga.

Aliyeyaleta ni jirani yangu. Mtaani tunamwita Redio, na yeye hana kinyongo na jina hilo, anasema redio nzuri haikosi wasikilizaji. Alikuja Alhamisi, akavuta kigoda bila kukaribishwa.

"Shoga, yule fundi rangi anayemchumbia binti yako, si alisema rangi ile ameichanganya kwa ajili yake peke yake?"

"Ndiyo. Mwanangu amenisimulia mara kumi."

"Haya. Mimi nimeiona pengine."

"Pengine wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha mikate, nyumba yenye mlango wa bluu. Dirisha la jiko lilikuwa wazi. Kijani kilekile, kama jani ukiligeuza upande wa chini. Na kwenye kamba zimeanikwa ovaroli zake, zina madoa ya rangi zote za dunia."

"Labda ni nyumba ya mteja."

Redio akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mteja gani anamfulia fundi nguo, mama? Niambie na mimi nikamtafute."

Akaondoka. Mimi nikabaki na uzi mkononi.

Niwaeleze kwanza jinsi fundi huyu alivyoingia maishani mwetu, maana aliingia kwa mlango wa jikoni. Binti yangu ni nesi. Alipohamia nyumba yake alinunua makabati ya mbao yaliyokwisha kutengenezwa, yale yanayouzwa dukani yakiwa yameshapakwa vanishi ya kahawia. Mazima, imara, lakini yanalifanya jiko liwe na giza mchana kweupe. Akasema hanunui mengine, atayapaka rangi. Wenzake kazini wakamwelekeza kwa kijana mmoja mpole, mrefu, mwenye kucha zisizotakata.

Sikumpenda. Nasema wazi. Nilitaka mwanangu apate mtu wa ofisini, mwenye mikono safi. Siku ya kwanza nilimkuta amefungua milango yote ya makabati, ameilaza sakafuni juu ya magazeti, naye anaandika namba kwa penseli ndani ya tundu la bawaba la kila mlango.

"Namba za nini, fundi?" binti yangu alimuuliza.

"Milango hii ukiitazama utadhani ni pacha, Nesi. Lakini kila mmoja una nyumba yake. Ukiuweka penye nyumba ya mwenzake, haufungi."

"Kumbe na wewe unatibu wagonjwa. Unawaandikia mpaka namba za vitanda."

Wakacheka. Nikaona alivyomtazama. Si kumkodolea macho. Alimtazama kidogo, akainama kwenye penseli yake, halafu akatazama tena kama mtu aliyesahau kitu. Mama yeyote anaujua mtazamo ule. Nilijua kwamba kazi ya wiki mbili haitaisha kwa wiki mbili.

Na kweli, ilichukua miezi mitano. Jumamosi kwa Jumamosi walipiga msasa pamoja, mwanangu amefunga kitambaa puani, vumbi limemjaa kwenye kope. Alipika, wakala wamekaa juu ya makopo. Siku rangi ilipochanganywa, alinipigia simu akiwa anahema: "Mama, ameniambia hakuna jiko lingine duniani lenye rangi hii. Ameitengeneza kwa ajili yangu tu." Siku nne baadaye akanipigia tena. Ameposwa.

Sasa mnaelewa kwa nini maneno ya Redio yalinikaba. Wiki iliyofuata wazazi wa kijana walikuwa waje kwangu.

Ijumaa binti alikuwa kazini. Mimi nina ufunguo wake wa akiba, aliniachia kwa ajili ya dharura. Nikajiambia hii ni dharura. Nikaingia. Milango ilikuwa imepangwa juu ya vipande vya mbao inakauka, mizuri, siwezi kusema uongo, jiko zima lilikuwa kama limevuta pumzi. Fundi alishatuonya sote: msiweke kitu juu yake, msiifunike. Nikagusa kwa kidole. Haikunata. Nikasema, ah, mafundi nao kwa kujitukuza. Imekauka.

Nikachukua droo ndogo kuliko zote. Nikaifunga kwa mtandio niliokuwa nimejitanda, nikaitia kwapani, huyoo, hadi nyuma ya kiwanda cha mikate.

Nyumba yenye mlango wa bluu aliifungua bibi mmoja mnene, anatembea kwa mkongojo, uso wake umejaa kicheko hata kabla sijasema neno.

"Nimesikia una makabati mazuri," nikamwambia. "Na mimi nataka kupaka yangu."

"Ingia, ingia mwanangu! Jiko langu ndilo tangazo lake. Kila akitafuta kazi namwambia, walete hapa waone."

Nikaingia. Alipogeuka kuweka maji ya chai nilifunua pembe ya mtandio, nikaisogeza droo kwenye mlango wa kabati lake. Ndugu zangu, sikuweza kuona droo inaishia wapi na kabati linaanzia wapi. Moyo ulinipiga hadi kwenye meno.

Nikainua macho, na pale ukutani, juu ya meza, ilikuwepo picha ya harusi. Fundi, amevaa suti. Pembeni yake bibi harusi, mdogo, mzuri, ameegemeza kichwa begani kwake.

"Huyu ni nani?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Huyo ndiye fundi mwenyewe. Na huyo ni binti yangu. Keti mwanangu, keti nikueleze."

"Nimeacha sufuria motoni," nikasema.

"Hata chai?"

Nilikuwa nimeshafika barabarani. Droo nikairudisha palepale nilipoitoa. Usiku ule sikulala. Nilijipangia: kesho nitamvuta mwanangu chumbani, nitamweleza polepole, atalia, nitamshika.

Jumamosi nilifika saa tatu asubuhi. Niliwakuta wanafunga milango, redio ndogo inaimba, dirisha wazi.

"Shikamoo mama," fundi akasema, bisibisi mdomoni. "Karibu. Leo jiko linavaa nguo zake."

"Marahaba," nikajibu, na sikumtazama.

"Nesi, nipe ya nne."

"Hii hapa."

"Hiyo ni ya saba."

"Si umeandika mwenyewe? Mwandiko kama wa daktari, mtu hajui ni dawa au ni tusi."

Walicheka. Nilisimama mlangoni nikawatazama, nikajua kwamba baada ya robo saa kicheko kile hakitakuwepo tena. Nikamwita binti yangu. Akasema, "Subiri mama, imebaki droo moja."

Fundi akaiinua ile droo ndogo. Akaielekeza dirishani, akaitazama kwa upande kama wafanyavyo mafundi, mwanga ukipita juu yake. Kisha akatulia.

"Hii imeguswa."

"Na nani? Labda mjusi kapita juu."

"Mjusi hafumi, Nesi." Akapitisha kidole gumba polepole. "Imefungwa kitambaa. Rangi hii ukiigusa inakuambia imekauka, lakini ndani bado laini. Inataka kama mwezi hivi ili ikomae. Ukiifunga, kila uzi unaacha alama yake. Tazama. Ni kama muhuri."

Binti yangu akasogea. Alianza akitabasamu. Akainama, akahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Ua. Petali sita, katikati kitundu.

Nililibuni ua lile nilipokuwa na mimba yake. Akageuka, akatazama mabega yangu. Mtandio ulikuwa juu yangu, uleule, na penye pindo nyuzi tatu zilikuwa na kijani. Sikuwa nimeona. Miaka yote hii nafuma, na sikutazama pindo la mtandio wangu mwenyewe.

"Mama?"

Nilikosa la kusema, kwa hiyo nikasema lote.

"Usiniulize mimi! Muulize yeye kuhusu mke wake!"

Redio ile ndogo iliendelea kuimba. Hakuna aliyeizima.

"Mke gani?" binti yangu akauliza, taratibu, kama anamuuliza mgonjwa panapouma.

"Wa nyuma ya kiwanda cha mikate! Picha ya harusi iko ukutani, nimeiona kwa macho yangu haya. Mama mkwe anamfulia ovaroli. Na jiko lao ni rangi hiihii! Rangi yako ya peke yako, mwanangu! Nimeipimia kwa hiyo droo!"

Nilimtazama fundi nikingoja akane, apige kelele, aniite mwongo. Aliiweka droo chini kwa mikono miwili, kama anamlaza mtoto.

"Nilioa," akasema. "Ni kweli."

Mwanangu akashika ukingo wa sinki.

"Mke wangu alifariki. Huu ni mwaka wa nne. Yule ni mama yake, hana mtoto mwingine. Siku ya mazishi nilimwambia sitamwacha, na sijamwacha. Namnunulia dawa za mguu, yeye ananifulia nguo. Nimemwambia asifue, hasikii."

Nikajikuta nimekaa juu ya kopo la rangi.

"Lakini... mbona yule bibi hakuniambia?"

"Ulimuuliza, mama?"

Keti nikueleze. Alisema hivyo, nilimsikia kwa masikio yangu. Keti nikueleze, na mimi nikasema sufuria.

Nilidhani sasa mwanangu atamkimbilia, amshike mkono, ampe pole. Hakusogea. Alikuwa mweupe midomoni.

"Miezi mitano," akamwambia. "Tumepiga msasa hapa miezi mitano. Umenieleza habari za mbao, za gundi, za mjomba wako aliyeanguka kwenye ngazi. Ukakosa nafasi ya kusema neno moja?"

"Kila Jumamosi nilisema nitasema leo. Nikifika ukicheka, naogopa kukiondoa kile kicheko."

"Na rangi?"

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli ingawa haikuwa na kitu.

"Rangi sikudanganya. Yaani... sikukusudia. Niliichanganya upya kabisa, hapa mbele yako, ulikuwepo. Nyeupe, kijani, manjano kidogo, tone la nyeusi. Ilipokuwa mbichi ilikuwa nyingine. Rangi ikikauka inazama, inabadilika. Asubuhi yake nilipofungua mlango huu nikaiona: ileile niliyompakia marehemu mke wangu. Nilikaa hapo kwenye kizingiti saa nzima, Nesi. Mkono ulikwenda njia uliyoizoea, mimi sikujua."

"Halafu ukapaka mkono wa pili, rangi ileile juu yake."

Akaitazama ile droo sakafuni.

"Uliiona, ukaitambua, ukapaka mkono wa pili. Nikuulize: mimi nilikuwa nipike maisha yangu yote ndani ya jiko la marehemu, bila kujua?"

Jamani, niseme ukweli wangu. Hapo nilipata nguvu kidogo. Nilidhani amerudi upande wangu. Nikanyanyuka kwenye kopo.

"Ndiyo hayo mwanangu, ndiyo niliyokuwa nata—"

"Mama, nyamaza."

Mwanangu hajawahi kuniambia neno hilo tangu azaliwe. Hata alipokuwa na homa. Hata alipokuwa na miaka kumi na sita.

"Nyamaza, tafadhali. Ulichukua ufunguo niliokupa ukaja kuniibia droo yangu. Ulikwenda kwa bibi wa watu ukamdanganya, akakuandalia chai ukamkimbia. Na hukuniambia mimi. Ulilala na hili jambo usiku kucha ukaja kunipigia nalo usoni, mbele yake."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ni nini kinakuuma, mama? Kwamba alisema ni yangu peke yangu?" Akaunyoosha mkono, akashika pindo la mtandio, palepale penye ua. "Hili ua uliniambia ni langu. Nikiwa mdogo uliniambia hakuna mtoto mwingine mwenye ua hili, umelibuni kwa ajili yangu tu. Nusu ya mtaa wanalivaa. Redio anao mtandio wa zambarau. Nilipouona nilikuwa na miaka tisa, nikaenda kulia chooni. Sikukuambia, nilijua unauza ili tule."

Sikuwa na habari. Wallahi sikuwa na habari. Miaka yote ile nilidhani analipenda kwa sababu hajui. Mikono yangu niliitazama kama ya mtu mwingine.

Fundi akapiga hatua moja. "Nesi wangu..."

"Tokeni," akasema. "Wote wawili."

Tukatoka. Mlango ukafungwa, si kwa kishindo, kwa taratibu ya mtu anayefunga wodi. Nikajikuta nimesimama kwenye ngazi na mwanamume niliyekuwa nataka kumfukuza, na mimi nimefukuzwa pamoja naye. Yeye ana bisibisi, mimi sina hata viatu. Viatu vilibaki ndani.

Tukakaa.

"Mkwe wangu alinisimulia," hatimaye akasema. "Kwamba alikuja mama mmoja, akatazama picha, akakimbia kabla ya chai. Alidhani tumbo limekuharibikia. Ameniuliza kama naweza kukupelekea dawa."

Nikajifunika uso.

"Ungeniuliza mimi, mama."

"Ungenijibu kweli?"

Akafikiri. Aliizungusha bisibisi mkononi, mara mbili, mara tatu. "Sijui," akasema. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, wakati haikuwa na faida tena. Alivua kandambili zake zilizojaa madoa ya rangi, akazisogeza kwangu, akaondoka peku.

Zikapita siku kumi na moja. Binti yangu hakupokea simu yangu. Wazazi wa kijana hawakuja, nilikaa na vikombe vyangu nilivyovifuta kwa ajili yao, nikavirudisha kabatini.

Siku ya kumi na mbili yule bibi wa mlango wa bluu alitoka kwake mwenyewe kwa mkongojo, akapanda ngazi za binti yangu moja moja, akaingia adhuhuri, akatoka jua linazama. Sijui walizungumza nini. Niliyajua hayo kwa Redio. Redio anasema alipotoka walikuwa wameshikana mikono, na macho ya wote wawili yalikuwa mekundu, na mwanangu alimwita mama.

Fundi alirudi Jumamosi iliyofuata. Redio alisikia msasa tangu asubuhi. Milango yote ilipigwa msasa upya mpaka kwenye mbao. Rangi safari hii ilichanganywa na binti yangu kwa mkono wake, fundi amekaa kwenye kopo anatazama, amekatazwa kushika kijiti cha kukorogea.

Wameoana. Nilikuwepo. Nilipewa kiti cha mbele na nilitunzwa vizuri, sina la kulalamika. Nikienda kwao wananipokea kwa heshima zote. Mkwe wangu ananiita mama na ni mtoto mwema kuliko ninavyostahili. Ufunguo wa akiba nilimrudishia binti yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, na yeye akaupokea, akasema asante, hakusema baki nao.

Naletewa chai sebuleni, kwenye sinia, kikombe cha wageni. Anakaa nami, ananiuliza habari za afya. Lakini kila nikifika, kabla sijakaa, anapita kwanza na kuuvuta mlango wa jikoni. Anauvuta taratibu, bila hasira. Hadi leo ninapoandika haya sijui makabati ya mwanangu yana rangi gani, na sithubutu kumuuliza Redio.

Kwa hiyo wewe mama unayesoma, na wewe binti, na wewe kijana pia, haya ndiyo ya kuepuka:

Usifunike rangi kwa sababu kidole kimekuambia imekauka. Msikilize fundi.

Usitumie ufunguo wa dharura kwa jambo ambalo lingeweza kusubiri mwanao atoke kazini.

Usitoke kwenye nyumba ya mtu wakati anakuambia keti nikueleze.

Usipeleke maneno ya jirani kwa mwanao kabla hujamuuliza anayesemwa.

Usimfokee mchumba wa mwanao mbele ya mwanao. Hata ukiwa na haki. Mimi sikuwa nayo.

Usiseme kesho, wewe uliyewahi kuoa au kuolewa. Sema siku ya kwanza, kabla ya msasa.

Usipake mkono wa pili juu ya kitu ambacho umeshakitambua.

Usimwambie mtoto kitu ni chake peke yake kama unakwenda kukiuza. Atakuta kwa jirani, na hatakuambia.